Mafundi wa lethi Kisumu wapewe mahali pa kukagulia vipimo vyao

Mhariri,

Mizani ya mama anayeuza samaki sokoni Kibuye hukaguliwa na kupigwa muhuri kila mwaka, kwa sababu sheria haitaki mnunuzi apunjwe hata kidogo. Hilo naliunga mkono. Lakini maikromita, kifaa ninachopimia unene wa shafti (mhimili unaozunguka) ya pampu ya kiwanda, ambayo ikidanganya kidogo tu mtambo mzima unasimama, hakuna anayeuliza ilikaguliwa lini wala na nani. Naandika kuiomba serikali ya kaunti, vyuo vya ufundi na Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) wakae pamoja watufungulie chumba cha vipimo hapa Kisumu.

Mimi ni fundi wa lethi, mashine ya kukerezea chuma. Kazi yetu nyingi hutoka ukanda wa miwa: shafti za pampu, bushi za shaba, gia zilizong'oka meno, na viwanda vinapofungwa kwa matengenezo, shingo za rola za kusagia miwa. Wengi hudhani fundi wa lethi ni mtu wa kupunguza chuma tu. Kupunguza ni rahisi. Ugumu ni kujua pa kuachia.

Chukua beringi yenye tundu la milimita 40. Kwa kipimo ambacho michoro huandika k6, mahali inapokaa kwenye shafti panatakiwa pawe kati ya milimita 40.002 na 40.018. Nafasi yote aliyo nayo fundi ni milimita 0.016, na unywele mmoja wa kichwani ni mnene mara kadhaa kuliko hapo. Shafti ikiwa nyembamba, ringi ya ndani huteleza juu yake na kuila. Ikiwa nene, beringi hubanwa, hushika moto na kufa kabla ya wakati wake.

Kuna wakati karakana yetu ilipeleka shafti ya namna hiyo kwenye kiwanda kimoja. Maikromita yetu ilisoma 40.01. Ya mkaguzi wao ikasoma 39.98. Kila upande ulitoa kijiti chake cha milimita 25 cha kusawazishia, na kila maikromita ikakubaliana na kijiti chake. Vijiti vyenyewe je? Hakuna aliyeweza kuonyesha cheti. Shafti ikarudishwa, malipo yakazuiwa, na kiwanda kikaagiza nyingine kutoka nje ya nchi. Mpaka leo sijui nani alikuwa na haki, na hilo ndilo linaloniuma: katika mji huu hatukuwa na pa kuipeleka shafti ile ikaamuliwe.

Joto nalo lina mambo yake. Vipimo vya chuma duniani kote huhesabiwa kwa nyuzi 20, na joto la Kisumu mchana hupita hapo. Shafti ya milimita 100 iliyotoka kukerezwa, ikiwa na moto wa nyuzi 30 zaidi ya maikromita, huwa imenenepa kwa karibu milimita 0.035. Ukiipima hapo hapo ukaridhika, ikipoa utaikuta imepungua, na chuma ulichokwisha kukata hakirudi. Fundi mzoefu huiacha ipoe hata mteja akiwa amesimama mlangoni anapiga kelele.

Vijana wanaotujia sasa kwa mafunzo wamesoma kwa mtaala wa umilisi, na wengine wanajiandaa kwa mitihani ya gredi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Wana bidii. Wengi wao lakini hawajawahi kushika bloku za kupimia, zile pande za chuma zilizosuguliwa mpaka zikibanwa pamoja hazitaki kuachana. Unamfundishaje mtu kupima sehemu moja ya elfu ya milimita ikiwa hajaona kitu ambacho urefu wake hauna ubishi?

Ninachoomba si kiwanda kipya. Ni chumba kimoja ndani ya chuo kilichopo, chenye kiyoyozi cha kukiweka kwenye nyuzi 20, seti ya bloku zenye cheti cha KEBS, meza ya mawe iliyonyooka na mtaalamu wa kukisimamia. Karakana za jua kali zilete maikromita na kalipa zao, zilipie ada ya haki, ziondoke na cheti. Tutalipa. Shafti moja kukataliwa hutugharimu zaidi.

Wakati wenyewe ni huu. Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vya sukari vya Chemelil, Muhoroni, Nzoia na Sony kwa wawekezaji, na mitambo yake ya miaka mingi itahitaji vipuri vingi. Meli ya MV Uhuru II iliundwa papa hapa, bandarini Kisumu, kwa hiyo asituambie mtu kwamba mikono haipo. Mwekezaji atakayekuja kwenye karakana yangu swali lake la kwanza litakuwa cheti cha vipimo, na kwa sasa sina cha kumwonyesha.

Fundi wa lethi,
Kisumu