Jumamosi tunahamia Nyerere Square, zamu ya "get"

Habari za jioni wapendwa,

Darasa letu la Kiingereza Jumamosi hii lipo, ila ukumbi tuliozoea una sherehe. Tukutane Nyerere Square, saa 9:00 alasiri. Shikeni karatasi zenu vizuri, upepo wa Dodoma mnaujua.

Somo ni kitenzi kimoja tu: get. Msikidharau. Ni kama "piga" letu: unapiga simu, pasi, deki, mswaki, na hakuna aliyeumia. Get a letter ni kupata barua, get home ni kufika nyumbani, get wet ni kulowa, I get it ni nimeelewa. Kwenye daladala, get on ni kupanda, get off ni kushuka. Mimi mwenyewe juzi nilivichanganya mbele ya mgeni, akabaki mlangoni ananitazama.

1. Kila mtu aje na sentensi tano za get alizotunga mwenyewe. Za kunakili mtandaoni nitazijua tu.
2. Sh 2,000 ya kutoa kopi na maji imfikie mweka hazina kabla ya Ijumaa saa 12 jioni.

Unayekuja andika "Nipo" hapa hapa leo, nijue nitoe kopi ngapi. Usiyeweza, sema pia.