Boila isitegemee seva ya mbali

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaosema kuunganisha boila, yaani mtambo wa gesi unaopasha moto maji ya kuleta joto nyumbani, na programu huria ni mchezo wa watu wasio na kazi. Kidhibiti joto changu cha zamani kilipeleka kila amri kwenye seva ya mtengenezaji ndipo irudi nyumbani. Intaneti ikikatika, simu haikuweza kuongeza hata nyuzi moja, ilhali boila iko hatua chache kutoka nilipoketi!

Sasa natumia Home Assistant, programu huria ya kuendesha vifaa vya nyumbani iliyoanza mwaka 2013, kwenye kompyuta ndogo. Kati yake na boila kuna kifaa cha OpenTherm, lugha ya pamoja ya boila na vidhibiti joto, kinachowasiliana kwa nyaya mbili tu. Utamu hauko kwenye kuwasha na kuzima. Boila yangu ni ya kondensi: maji yanayorudi kutoka kwenye radieta, vile vipasha joto vya vyumbani, yakizidi takriban nyuzi 55, mvuke uliomo kwenye moshi haugeuki maji, na joto lake linapotelea dohani. Kwa hiyo siku isiyo na baridi kali naiagiza itoe maji ya nyuzi 45 badala ya 70. Kidhibiti cha zamani kilijua waka na zima, basi.

Mke wangu hataki kusikia habari za programu. Anageuza kitufe cha ukutani, na boila inatii hata kompyuta ikizimwa, ndivyo nilivyotaka. Kazi ya gesi yenyewe nimemwachia fundi mwenye leseni.

Watengenezaji wachapishe itifaki zao, yaani kanuni za mawasiliano ya vifaa, tuongee na vifaa tulivyonunua bila kuwapitia wao.

Msomaji wenu