Kwa Mwanaidi, kuhusu kiti cha mwalimu

Mpendwa mwenzangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa kuirudia, maana naona umeiandika moyo ukiwa mzito. Unasema Mwalimu ametangaza kwamba mwaka ukiisha hatafundisha tena, na kilabu kimeshagawanyika. Wapo wanaotaka kiti kiende kwa mwanawe kwa kuwa ni damu yake. Wapo wanaokutaja wewe, kwa sababu hakuna aliyekaa naye mkekani muda mrefu kuliko wewe. Na wapo wanaosema tu kwamba mwanamke hashiki kilabu cha judo. Umeniuliza Wajapani wenyewe, wenye mchezo huu, walikuwa wakirithishana vipi. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu hili jambo nalipenda na wewe nakupenda zaidi.

Nianzie mbali, kwenye chuo cha Takenouchi, ambacho ndicho cha kale zaidi katika vyuo vinavyojulikana vya jujutsu, ile sanaa ya kale ya kupigana iliyoizaa judo, na bado kiko hai. Mwaka 1532 Takenouchi Hisamori, bwana wa ngome ya Ichinose katika jimbo la Mimasaka, ambalo leo limo ndani ya mkoa wa Okayama, alijitenga kwenye eneo la hekalu kufanya ibada na mazoezi. Masimulizi ya chuo yanasema alikuwa na upanga wa mbao wa urefu wa kama sentimita 72. Usiku wa sita uchovu ukamzidi, akalala, upanga akaufanya mto. Akaamshwa na mzee wa nywele nyeupe, mmoja wa wale watawa wa milimani, ambaye wafuasi wa chuo wanaamini alikuwa mungu wa Atago katika sura ya mtu. Hisamori akamvaa, mzee akamlaza chini bila taabu. Kisha mzee akauchukua ule upanga, akaukata vipande viwili, akamwambia kwamba watu wakishakamatana, silaha ndefu haina msaada, na kwamba kifupi cha kuchomeka mshipini ndicho kitakachomfaa. Akamfundisha njia tano za kumdhibiti mtu, akachukua mtambaazi uliokuwa ukining'inia mtini akamwonyesha namna ya kumfunga adui. Halafu akatoweka.

Kuna watakaosema hiyo ni hekaya. Mimi naona kila mkuu wa chuo anayekikalia kiti anakuwa mlinzi wa hekaya hiyo pamoja na zile njia tano, na havitenganishwi. Wewe na mimi tumelelewa mahali ambapo mwalimu wa dini akikaa kusomesha, anataja nani alimsomesha na nani alimpa ijaza, na jina la mbele yake, na la mbele yake tena. Silsila ya jujutsu inasomwa hivyohivyo, na asiye na silsila hasikilizwi.

Sasa angalia nani alimfuata Hisamori. Alikuwa Hisakatsu, na Hisakatsu alikuwa mtoto wake wa pili. Wakati huo ukoo ulikuwa umeshaporomoka: ngome yao ilianguka mwaka 1580 mikononi mwa watu wa Ukita Naoie, na mabwana wa ngome wakaishia kuwa watu wa kijijini. Ubwana ulikwenda, ngome ikaenda, mafunzo yakabaki. Lakini huyohuyo Hisakatsu, mwaka 1620, alionyesha kazi yake mbele ya Mfalme Go-Mizunoo na akatunukiwa sifa ya kuwa mwasisi asiye na mfano chini ya jua katika sanaa ya kukamata. Mwanawe Hisayoshi, mkuu wa tatu, naye akaonyesha mbele ya Mfalme Reigen mwaka 1663. Hisamori, Hisakatsu, Hisayoshi: unaona lile "Hisa" linavyopita kwa baba, mtoto na mjukuu. Wakuu wa baadaye wamekuwa wakilibeba pia jina la Tojuro, kila mmoja akiliacha kwa anayemfuata. Anayepewa jina hilo haliongezi kwenye sifa zake kama nishani. Anaingia ndani yake na kuwajibika kwa yote yaliyofanywa chini yake.

Kwa hiyo, wanaomtaja mtoto wa Mwalimu wana hoja, na ningekudanganya nikisema hawana. Damu ilikuwa na uzito mkubwa Japani. Ila uzito wenyewe haukuwa wa damu peke yake, kwa maana ukoo usiokuwa na mrithi wa kufaa ulimwingiza mtu kutoka nje, ukampa jina, akawa wa ndani. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo yetu hii, alikuwa Kano kwa sababu baba yake aliingia kwenye ukoo wa Kano kwa njia ya ndoa na kulichukua jina lao.

Na kuna jambo la pili ambalo huku kwetu watu hulichanganya. Kiti na idhini ya kufundisha havikuwa kitu kimoja. Mkuu wa ukoo alishika jina la chuo. Lakini mwanafunzi aliyefikishwa mwisho wa mafunzo alikabidhiwa hati kamili, imeandikwa kwenye gombo refu la karatasi, na kuanzia hapo aliweza kufungua dojo lake, yaani ukumbi wa mazoezi, na kufundisha bila kuvunja adabu. Chuo cha Tenjin Shin'yo ndicho mfano mzuri. Kilianzishwa na Iso Mataemon, mtu wa Matsusaka, aliyepita kwanza kwenye vyuo viwili vya wengine, Yoshin na Shin no Shinto, kabla ya kukusanya aliyoyapata na kuyafanya chuo chake huko Edo, ndiyo Tokyo ya leo, mtaa wa Kanda. Mstari wa wakuu wake ulifika wa tano ukakoma. Lakini chuo hakikufa, kwa sababu wapo waliokuwa na hati, nao wakafundisha, na waliowafundisha wakafundisha. Kiti kilibaki kitupu, mikeka haikubaki mitupu.

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo, Mwanaidi.

Kano alipokuwa kijana wa miaka 17, mwembamba, mwenye kuonewa na wenzake skuli, alizunguka Tokyo akiwatafuta waunga mifupa, kwa kuwa alisikia wengi wao ni watu wa jujutsu. Akafikishwa kwa Fukuda Hachinosuke, mwalimu wa Tenjin Shin'yo, muunga mifupa mwenye dojo la mikeka kumi. Fukuda hakuwa mkuu wa chuo. Alikuwa na hati tu. Kano amesimulia kwamba siku moja alitupwa, akainuka akauliza: mkono unakaaje, mguu unaingiaje? Fukuda akamwita, akamtupa tena. Akauliza tena, akatupwa tena. Mwisho akaambiwa kwamba haya hayaelezwi, yanafanywa mpaka mwili uelewe. Mimi huo ufundishaji naujua, na wewe unaujua, maana Mwalimu wetu ndivyo alivyo.

Mwaka 1879 Jenerali Grant, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipitia Japani, na nyumbani kwa tajiri Shibusawa Eiichi akaonyeshwa jujutsu. Fukuda alikuwapo, na mkuu wa tatu wa Tenjin Shin'yo, Iso Masatomo, alikuwapo, na Kano naye alicheza mbele ya mgeni. Muda mfupi baada ya hapo Fukuda akafariki, akiwa na miaka 52. Na sikiliza walichofanya wafiwa: waliyatwaa magombo ya marehemu wakampa Kano, kijana ambaye hata miaka ishirini hakuwa ametimiza, wakamwomba aliendeleze dojo. Walimtazama nani anayapenda mafunzo yale, nani amekuja kila siku, wakamkabidhi.

Kano akajiona bado mchanga, akaenda kusoma kwa Iso mwenyewe. Iso naye akafariki mwaka 1881. Akaenda kwa Iikubo Tsunetoshi wa chuo cha Kito, na mwaka 1883 Iikubo akampa hati ya chuo hicho. Kodokan, shule yake mwenyewe ya judo, alikuwa ameshaifungua mwaka 1882, ndani ya hekalu la Eishoji, mikeka 12. Na hakuyatupa ya walimu wake: Koshiki no Kata tunayoiona kwenye mitihani ya madaraja ya juu ni kata ya Kito, yaani mfululizo uliopangwa wa mbinu 21, ameihifadhi. Nami naiheshimu kuliko kata nyingine yoyote, kwa kuwa mtu anayeifanya anafanya kitu ambacho Iikubo alikifanya, na aliyemtangulia Iikubo.

Mwaka 1938 Kano alifariki ndani ya meli akirudi kutoka mkutano wa Olimpiki wa Cairo. Kiti cha Kodokan kikaenda kwa mpwa wake, Nango Jiro, ofisa wa jeshi la majini, kisha kwa mtoto wa Kano mwenyewe, Kano Risei, kisha kwa mjukuu wa Kano, Kano Yukimitsu. Mwaka 2009 kikatoka kwenye ukoo kwa mara ya kwanza, kikaenda kwa Uemura Haruki, bingwa wa Olimpiki ya Montreal ya 1976. Na hakuna paa lililoanguka.

Nimemhifadhi mmoja kwa ajili yako. Yule Fukuda muunga mifupa alikuwa na mjukuu wa kike, Keiko, aliyezaliwa mwaka 1913, wakati babu yake ameshakufa zamani. Kano hakulisahau deni. Alipokuwa mzee, na mwenyewe sasa ndiye mwalimu wa walimu, alimwalika binti huyo aje asome judo kwenye kitengo cha wanawake cha Kodokan, naye akaingia mwaka 1935. Alikuwa mfupi, hata sentimita 150 kamili hakufika, na uzito wake hauzidi kilo 45 hivi. Akabobea kwenye Ju no Kata, na alipanda kuionyesha kwenye Olimpiki ya Tokyo ya 1964. Lakini kanuni ilimzuia: mwanamke hakuruhusiwa kuvuka dani ya tano, yaani daraja la tano la mkanda mweusi. Akakaa kwenye dani hiyo karibu miaka ishirini, akifundisha watu waliompita daraja huku wakijua wazi kwamba hawamfikii. Kanuni ikavunjwa mwaka 1972, akapanda ya sita. Kodokan ikampa ya tisa mwaka 2006. Mwaka 2011 shirikisho la Marekani, nchi aliyokuwa amehamia, likampa ya kumi, mwanamke wa kwanza kabisa kufika hapo. Alifariki San Francisco mwaka 2013, bado akifundisha, akiwa na miaka 99.

Magombo yalitoka kwa babu yakaenda kwa Kano, na mafunzo yakarudi kutoka kwa Kano kwenda kwa mjukuu. Wanaokwambia mwanamke hashiki kilabu, wasimulie habari za Keiko, tena uwasimulie taratibu, maana wengine hawajasikia.

Ushauri wangu ni huu. Usigombee kiti na mwanawe. Mtu yule anaujua mchezo kiasi, na ana haki ya kuitwa mtoto wa Mwalimu. Mwachie jina la kilabu likimpendeza, aketi na wageni na viongozi. Wewe muombe Mwalimu akupe idhini ya kufundisha, kwa maandishi, aitie saini mbele ya wazazi wa watoto na mbele ya mwanawe pia, aandike humo nani alimfundisha yeye. Na usisubiri mwaka uishe. Zile sehemu za Koshiki no Kata ambazo huwa anazionyesha juu juu kwa sababu ya goti lake, mkae mchana mmoja mmoja azitoe zote, umrekodi kwa simu, nawe uzifanye mbele yake mpaka aridhike. Akikataa kukuandikia, niambie, nitamwandikia mimi, kwa sababu mimi pia ni mwanafunzi wake na atanisikiliza.

Nitavuka kuja Unguja kabla ya Ramadhani, inshallah. Nisalimie bi mkubwa na watoto, na umwambie Mwalimu namkumbuka kwenye dua.

Ni mimi mwenzako,
Rukia
Dar es Salaam