Dada, ule mpango wa 2020 ulikuwa wa watoto

Dada yangu,

Shikamoo.

Mwanao alipita kwangu wiki iliyopita. Amekua, ana sauti yako kabisa, na zile adabu ulizomfunza bado anazo. Alikaa, akazunguka na maneno, mwisho akasema, "Mama mdogo, mama anaomba lile faili la shule la mwaka 2020." Ndipo nikajua kwamba umeingia kwenye bodi ya shule nyingine ya wasichana, ya binafsi kama ile yetu, na kwamba wamekupa kazi ya kuandaa mpango wa dharura ikiwa ugonjwa utarudi. Hongera. Simjui mtu anayelijua bweni la wasichana kukushinda wewe. Lakini kumtuma mtoto, dada? Namba yangu ni ile ile.

Faili atalipata. Kwanza nisikilize. Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu simu zangu hupokei, na kwa sababu mimi pia nilisemwa mbele ya watu.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa Januari 30, 2020, na Machi 11 likasema wazi kwamba korona ni janga la dunia. Katikati ya tarehe hizo mbili mimi nilishaanza kupiga hesabu, nawe ukaniambia natia watu hofu. Tulipofunga, uliwaandikia wazazi kwamba baada ya wiki tatu tutakuwa pamoja. Hilo sikulaumu hata kidogo. Wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walikuwa nyumbani kufikia Aprili, na hakuna mkuu wa shule aliyekuwa na tarehe ya kweli mkononi. Uganda walifunga Machi 2020 na shule hazikufunguka kikamilifu mpaka Januari 2022. Mzazi gani angeambiwa jambo hilo mwezi Machi akaliamini?

Ndiyo maana kwenye mpango wangu sikuandika tarehe. Niliandika njia tatu: tukirudi wote, tukirudi nusu kwa zamu, na tukifunga tena baada ya kufungua. Hata huko uliko sasa, usikubali bodi ikushike kwenye tarehe. Waulize kila njia inagharimu nini na nani atalipa, basi.

Na swali la nani atalipa ndilo lililotugombanisha. Shule isiyopata fedha za serikali inaishi kwa ada, na ada ndiyo mishahara. Mwalimu wa fizikia asiyelipwa miezi miwili atatafuta pa kwenda, na ukifungua shule hutampata tena. Mimi nilisema tutenganishe ada ya mafundisho na ada ya bweni, chakula cha watoto ambao hawapo turudishe kabla wazazi hawajadai, kisha ada ya masomo tuiombe bila haya kwa sababu walimu wanafundisha. Ulisema nagawa pesa za shule. Dada, wewe mwenyewe uliona. Mzazi aliyerudishiwa asichokitumia ndiye aliyelipa alichodaiwa, na yule tuliyemnyamazia ndiye aliyetuletea barua ya wakili. Silisemi hili ili kukusuta. Nalisema kwa sababu huko uendako kutakuwa na mhasibu kama mimi, na ningependa amalize sentensi yake.

Tena, waambie walimu watunze kazi za wanafunzi: mazoezi, majaribio, insha, kila kitu chenye tarehe. Tulibishana wiki nzima juu ya hili, ukisema mitihani haijawahi kufutwa. Mwaka ule ilifutwa. Uingereza walikokotoa alama za kidato cha sita kwa fomula ya kompyuta, karibu asilimia 40 ya makadirio ya walimu yakashushwa, vijana wakaingia barabarani, na Agosti 17 serikali ikarudi kwenye alama za walimu. Siku kama hiyo, shule yenye makabati ya kazi za watoto ina cha kuonyesha. Shule isiyonayo inabaki kuapa.

Sasa nije kwenye lile ninaloshindwa kulimeza.

Msichana akirudishwa nyumbani haendelei kuwa mwanafunzi kwa sababu tu ana daftari. Anakuwa mlezi wa wadogo zake, anauguza, anapika, na simu ya nyumba ikiwa moja kaka yake ndiye anayeanza kuishika. Wengine yanawakuta mambo ambayo hawathubutu kumwambia mtu. Haya hatukuhitaji kuyabahatisha. Sierra Leone walishapitia wakati wa Ebola: shule zilifungwa katikati ya 2014, zikafunguliwa Aprili 2015, na wasichana walioonekana ni wajawazito wakakatazwa kuingia darasani na kufanya mitihani. Zuio hilo liliondolewa Machi 2020, mwezi ule ule ambao dunia nzima ilikuwa inafunga shule. Hiyo ni miaka mitano, dada. Na UNESCO ilikuwa inakadiria kwamba wasichana milioni 11 huenda wasirudi darasani baada ya korona.

Ndipo nikaandika kwamba kila mwalimu apewe wasichana wachache, awapigie kila wiki, na asiridhike na sauti ya baba mpaka asikie sauti ya mtoto mwenyewe. Na nikaandika kwamba nafasi ya kila msichana ishikwe mwaka mzima, awe amelipiwa au hajalipiwa, awe na mimba au hana. Gharama yake niliionyesha mpaka senti ya mwisho. Fedha ya basi jipya ilitosha.

Kile kikao unakikumbuka. Madirisha wazi, viti mbalimbali, barakoa zimetuficha nyuso. Nilikuwa nimekupa orodha ya wasichana ambao hatukuwa na habari zao, nikidhani tutagawana nani afuatilie nani. Ulichukua rula. Ukaiweka chini ya jina la kwanza, ukakata kwa kalamu nyekundu, ukaishusha kwenye jina la pili, ukakata. Hukuwa na haraka. Ulipofika kwa yule wa kidato cha tatu, yule uliyekuwa ukimwita asome mbele ya shule nzima kwa sababu hakuogopa maneno marefu, nilisema, "Huyu mama yake alipiga jana, nimekuachia ujumbe mezani." Ukakata. Kisha ukaniangalia: "Wewe hesabu fedha. Watoto niachie mimi."

Mjumbe mmoja akakohoa, na kwa jinsi hali ilivyokuwa siku zile, wote wakamgeukia yeye. Mada ikapita hapo hapo. Hakuna aliyepiga kura. Kwenye kumbukumbu za kikao imeandikwa kwamba orodha "ilihuishwa".

Ningelisahau kama angelifanya mtu mwingine. Lakini wewe ulikaa nyumbani mwaka mzima baada ya mama, ukatulea, mimi nikaendelea na shule kwa mgongo wako. Na mwalimu mkuu wako alikushikia nafasi. Kila mwanzo wa muhula aliita jina lako na darasa likajibu kwamba hayupo, akaliacha kwenye daftari. Hadithi hiyo umenisimulia wewe, mara nyingi, na machozi yakikutoka. Ningeipeleka wapi siku ile niliyoona rula mkononi mwako?

Nayajua pia mengine, na watu wayajue. Nchi zilipofunga mipaka na wale wasichana wa mbali wakakosa pa kwenda, wewe ndiye uliyehamia bwenini. Ulilala kwenye kitanda cha chuma miezi yote ile, ukawapikia baada ya wapishi kuondoka, ukawapima joto asubuhi na jioni, na yule aliyepatwa na homa ulikaa naye kwenye chumba cha kutengwa usiku kucha, wakati chanjo ilikuwa bado haijapatikana popote. Niliogopa sana usiku ule. Nilikupigia, ukaniambia nilale. Hakuna mtoto hata mmoja kati ya wale atakayesema neno baya juu yako, nami nikiwasikia watu wakikusema vibaya nawanyamazisha. Lakini wale walikuwa mbele ya macho yako. Mpango wangu ulikuwa kwa ajili ya wale usiowaona, na bado naamini hiyo ndiyo kazi ya mpango.

Watu wananiambia nilijiuzulu kwa hasira. Nilijiuzulu kwa sababu ningetakiwa kutia sahihi bajeti iliyokuwa na basi jipya ndani yake. Nisingeweza. Hata leo nisingeweza, na usimwambie mwanao kwamba mama yake mdogo ana kiburi, kwa sababu aliniuliza.

Kwa hiyo faili atalichukua Jumamosi. Zile njia tatu zimo, mahesabu ya ada yamo, utaratibu wa kutenganisha vitanda na zamu za kula umo, namna ya kufungua madirisha na nani abebe ufunguo wa chumba cha kutengwa, vyote. Orodha imo pia, nakala yenye mistari yako. Iweke mbele ya hiyo bodi mpya au uichome, utakavyoona. Ila ile sehemu ya simu za kila wiki usiiruke tena. Mpe mtu mmoja jukumu hilo kwa jina, mlipe, na mpe ruhusa ya kwenda mpaka mlangoni kwa msichana akikosa jibu.

Na nina swali moja ambalo sijawahi kukuuliza. Baada ya kile kikao nilirudi ofisini kwako kuchukua mkoba, simu ya mezani ikaita, ukapokea, na nikajua kwa jinsi ulivyojibu salamu kwamba ni mama yake yule wa kidato cha tatu. Ukanionyesha kwa mkono nifunge mlango. Ulimwambia nini?

Mdogo wako