Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mgonjwa mahututi afike salama kwenye CT-Scan

Kwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Mkopo wa UVIKO-19 wa mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, uliziwezesha hospitali za rufaa za mikoa kupata CT-Scan, mashine inayotumia eksirei kupiga picha za ndani ya mwili, na vitanda vya ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi. Sisi tunaohudumu humo tumeiona tofauti yake, hasa kwa majeruhi wa bodaboda wanaoletwa wakiwa hawajitambui. Ombi langu ni kwamba bajeti ijayo itenge fungu kwa ajili ya safari ya mgonjwa kutoka kitanda cha ICU hadi kwenye mashine hiyo.

Picha ya kuanzia kichwani hadi kwenye nyonga huchukua dakika chache tu, ila kumwandaa mgonjwa anayepumulia mashine, kumhamishia kwenye meza na kumrudisha wodini kunaweza kuchukua saa nzima. Mtungi mdogo wa oksijeni wa lita 340, ukitoa lita 10 kwa dakika, huisha baada ya dakika 34. Pasipo mashine ya kupumulia inayobebeka, muuguzi mmoja humpumulisha mgonjwa kwa kubinya mfuko kwa mkono koridoni kote, huku mwenzake akichunga mipira ya dripu, ambayo sharti iwe mirefu ya kutosha kuifuata meza inapoingia ndani ya CT. Ikichomoka, dawa ya kupandisha presha inakatika na presha inaporomoka papo hapo.

Najua wapo watakaokushauri ununue mashine kubwa zaidi. Chuo Kikuu cha California, Davis, nchini Marekani, kina mashine ya PET, inayopiga picha kwa kufuatilia dawa yenye mionzi aliyodungwa mgonjwa; ina urefu wa sentimita 194 na hupiga picha ya mwili mzima kwa mara moja. Ni kazi ya kuvutia, lakini florini-18, elementi ya mionzi inayotumika sana katika vipimo hivyo, hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110, hivyo haiwezi kuzalishwa mbali na mgonjwa. Kuipeleka mashine hiyo kwenye hospitali ambayo lifti yake haiingizi kitanda ni anasa. Hata CT ya mwili mzima haimfai kila majeruhi: utafiti wa REACT-2, uliofanyika Uholanzi na Uswisi na kuchapishwa mwaka 2016, haukuona tofauti ya vifo hospitalini kati ya waliopigwa mwili mzima moja kwa moja na walioanza na eksirei na ultrasaundi, kisha wakapigwa CT pale tu ilipohitajika.

Kwa hiyo kila ICU ipewe kwanza ultrasaundi ya kitandani, pamoja na mafunzo, kwa sababu huonyesha damu tumboni na maji kuzunguka moyo bila mgonjwa kusogezwa. Ndani ya fuvu la mtu mzima haisaidii sana, na hapo ndipo CT inapohitajika na safari inapokuwa ya lazima. Kwa safari hiyo, naomba Wizara itoe mwongozo unaotaja mashine ya kupumulia inayobebeka, monita, mtungi wa akiba na idadi ya wahudumu, na wakaguzi wenu wauulizie kila wanapotutembelea.

Wako katika huduma,
Muuguzi wa ICU, hospitali ya rufaa ya mkoa