Shoga, badilisha tiketi ya basi

Shoga yangu,

Za Dar na hilo joto? Huku tupo, mama anakusalimia sana na anauliza lini unafika. Sasa nimesikia umekata tiketi ya Ijumaa ili Jumamosi asubuhi tuanze kupanda Mlima Kilimanjaro wote, jamani naomba uibadilishe uje Jumatano, maana toka jana nawaza hilo tu. Nyie mnakaa usawa wa bahari, harusi ya mdogo wangu inafungwa kambi ya Horombo huko mlimani, mita 3,720, kule kila ukivuta pumzi unapata kama theluthi mbili tu ya oksijeni uliyozoea, mwili hauzoei kwa siku moja hata uwe unakimbia gym kila asubuhi.

Mwaka juzi tulipanda na shangazi, kichwa kikaanza kumgonga pale pale Horombo akanyamaza asituharibie safari, usiku akatapika, akisimama anapepesuka kama mlevi, ikabidi wagumu, wale wapagazi wa mlimani, wamshushe na machela gizani. Alivyofika chini akapata nafuu, ila mimi mpaka leo nikikumbuka nasikia baridi. Kwahiyo ukisikia kichwa, kichefuchefu, hutaki kula, niambie mimi au kiongozi anayetupandisha saa hiyo hiyo, na ukiambiwa shuka unashuka, bi harusi mwenyewe keshasema hatamnunia mtu.

Ratiba ni hivi, Jumamosi tunalala kambi ya Mandara, Jumapili Horombo, Jumatatu hatuendi mbali, tunapanda kidogo mpaka kwenye miamba ya Zebra Rocks tunarudi kulala, ndo mwili unazoea hivyo, Jumanne ndoa. Kutembea ni pole pole kweli, ukiona huwezi kupiga stori huku unatembea ujue unakimbia. Maji kunywa hata kama huna kiu, na bia zote ziache mpaka tushuke, ndafu na mbege vinatusubiri Marangu, hakuna utakachokosa.

Kabla hujatoka Dar pita kwa daktari umuulize kuhusu Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mlima, na mwambie ile aleji yako ya salfa, usiisahau, pia usimeze ya mtu mwingine. Yule mtoto wa dada yako mwenye selimundu asipande kabisa shoga, nakuomba, urefu ule ni hatari kwake, atabaki na mama Marangu watupokee.

Nguo sasa. Najua umeshona kitenge kizuri, kilete, ila kitavaliwa juu ya suruali nzito na sweta, na ile saa ya kufunga ndoa tu, maana jua likizama maji yanaweza kuganda nje. Mchana jua linaunguza vibaya, lete kofia na losheni ya jua. Simu ilale nayo ndani ya slipingi begi, baridi inamaliza chaji. Mfuko wa plastiki usibebe, na kitambulisho cha NIDA usisahau, getini kiingilio cha Mtanzania siyo sawa na cha mgeni.

Koti usinunue huko, soko la Memorial hapa Moshi yapo ya mtumba mazito kwelikweli. Viatu vya kupandia navyo nitakutafutia ila vinataka kuvaliwa siku kadhaa vilegee, ndo sababu nyingine ya Jumatano. Nitumie saizi ya mguu leo, kesho asubuhi naenda sokoni.

Wako, Moshi