Mwanangu, Hicho Kikapu cha "Asilia" Usikinunue

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Huku Lushoto hatujambo. Mvua imeanza na baridi yake, na mama yako analalamikia magoti kama kawaida. Ujumbe wako nimeupata pamoja na picha ya kile kikapu: sabuni ya mwani, shampuu ya mlonge, krimu ya asali, dawa ya kusafishia sakafu "isiyo na kemikali", vyote shilingi 185,000, nawe unaniuliza kama nitaweza kukuongezea nusu. Jibu ni hapana, na usiniite bahili mpaka umalize kusoma.

Nia yako naielewa. Mjukuu wangu ameanza kutambaa, kila anachookota kinaenda mdomoni, na nyinyi mko chumba kimoja hapo Mbagala, humohumo mnapika, mnalala na kuweka kila kitu. Mzazi yeyote angejiuliza mtoto wake anavuta nini na anameza nini. Ila kuna watu wamegundua kwamba neno "asilia" likibandikwa kwenye chupa bei inaruka, na mama mwenye mtoto mchanga habishani na bei. Mimi nimeuza dawa za mashamba kwa miaka mingi, vibandiko vya sumu nimevisoma kuliko magazeti, na ninavyoona sumu nyingi huingia nyumbani kwa kununuliwa. Kuitoa hakuhitaji shilingi 185,000. Unaacha kuinunua.

Nianze na jambo ambalo mama yako alitaka kuliandika mwenyewe, nikamwambia kalamu ninayo mimi. Ule mkorogo tuliouona kwako tulipokuja. Najua bei yake ni ndogo, unapimiwa kwenye kikopo bila jina wala kibandiko, na ndiyo maana unanitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote humo ndani. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zimekutwa na zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, kwa hiyo uso hutakata baada ya muda mfupi, lakini inapenya hadi kwenye damu na kuumiza figo. Tena haiishii usoni mwako. Hutoka kama mvuke, hushika kwenye taulo na mto, na mtoto anayelazwa kifuani kwa mama yake hupata fungu lake. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulioanza kufanya kazi mwaka 2017, uliweka kikomo cha sehemu 1 ya zebaki katika milioni ya kipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana isiwemo katika vipodozi hata kidogo. Haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kung'arisha ngozi, nayo imepigwa marufuku kwetu katika vipodozi, maana ikitumika muda mrefu huacha mabaka ya weusi wa kibuluu mashavuni ambayo hayatoki kirahisi. Na ukiona kwenye bomba la krimu limeandikwa clobetasol au betamethasone, hiyo ni dawa ya hospitali ya kutibu ngozi inayougua. Ukijipaka kila siku ngozi inakuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana.

Kama umeutumia muda mrefu, pita zahanati kabla ya kuuacha. Ikiwa ndani yake mna steroidi, yaani dawa za aina ya hizo clobetasol na betamethasone, ngozi inaweza kuharibika vibaya ikikatiziwa ghafla. Wala usifiche ukifika pale. Wauguzi wameona wengi.

Badala yake, anasema mama yako, nawe unajua watu wa Pangani hawana dawa nyingine duniani: mafuta ya nazi. Kuna nazi, kamua tui zito, bandika kwenye moto mdogo mpaka maji yakauke na mafuta yajitenge, chuja, weka kwenye chupa ya kioo. Chicha usiitupe, sugulia miguu siku ya kuoga kwa nafasi. Makumbi yasugulie masufuria. Hapo krimu ya kwenye ile picha huihitaji tena. Ila usiige wanaojipaka ndimu usoni. Ndimu ni ya asili kweli, lakini maji yake yakibaki kwenye ngozi na jua likapiga, unapata malengelenge kisha weusi uliotaka kuukimbia.

Hilo la ndimu nimelitaja makusudi, kwa sababu naona unaamini kinachotoka shambani hakidhuru. Kisamvu kina sianidi ndani yake, ndiyo sababu bibi zako walikitwanga na kukichemsha muda mrefu. Lile jiwe la shabu ambalo shangazi yako anapaka kwapani, nasikia siku hizi linauzwa huko mjini kwa sifa kwamba halina aluminiamu. Shabu yenyewe ni chumvi ya aluminiamu! Ni nzuri, ni rahisi, inakata harufu, endelea nayo. Ila usiilipie maradufu kwa sababu ya uongo huo.

Sasa moshi. Uliniambia mnachoma dawa ya mbu ya kuviringa usiku kucha, dirisha limefungwa kwa sababu ya wezi. Watafiti waliipima zamani kidogo, matokeo yao yakatoka mwaka 2003: koili moja ikiungua hadi mwisho hutoa chembechembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Mumeo havuti, namshukuru Mungu, lakini hicho chumba kinavuta. Acha koili, tumia chandarua. Utaniambia chandarua nacho kimetiwa dawa, na ni kweli. Dawa yake ni ndugu wa pareto, lile ua linalolimwa kule Mufindi, ila hii imetengenezwa kiwandani. Kikiwa kipya kitandaze kivulini siku nzima kwanza, kisha kitundike. Malaria inaua watoto, na hapo sina mjadala na mtu wa asilia. Kliniki huwagawia wajawazito na watoto. Kama chako kimetoboka, kishone, au waulize siku ya kupima uzito. Kivumbasi weka mlangoni ukipenda, kinanukia vizuri, lakini kisichukue nafasi ya chandarua.

Usafi wa nyumba sina mengi. Sabuni ya mche inafua, inaosha vyombo na kupiga deki, na dukani wanakukatia kipande. Majivu ya mkaa yaliyochekechwa yanang'arisha sufuria, na birika lenye ukoko wa maji ya kisima lichemshie ndimu au siki. Usichanganye siki na magadi soda kama wanavyokuonyesha kwenye simu. Povu linapendeza macho, lakini vinauana vyenyewe na kinachobaki ni maji ya chumvi. Tumia kimoja kimoja. Na jiki, kama unayo kwa ajili ya choo mnachoshirikiana na wapangaji wengine, baki nayo, ila isikutane na siki, ndimu wala dawa nyingine ya choo. Ikikutana na kitu cha uchachu hutoa gesi ya klorini, na choo chenu hakina hata dirisha. Usiiweke kwenye chupa ya soda. Mtoto wako anajua chupa ya soda.

Nimefika mahali pangu: mboga. Huku kwetu ndiko kunakotoka kabichi, karoti na nyanya nyingi mnazokula huko Dar, na najua zilivyopuliziwa kwa sababu dawa ziliuzwa dukani kwangu. Kila dawa ina siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, zimeandikwa kwenye kibandiko, na bei ya nyanya ikipanda sokoni hizo siku hazihesabiwi na mtu. Tangu yule mdudu kantangaze aingie, wakulima wa nyanya wanapulizia mara nyingi zaidi, nami siwalaumu, maana mdudu yule anamaliza shamba zima. Ule unga mweupe unaouona kwenye nyanya mara nyingi ni dawa ya ukungu, na unatoka ukiusugua kwa mikono ndani ya maji yanayotiririka. Kabichi ondoa majani mawili matatu ya nje, usione uchungu kuyatupa. Kuna dawa zinazoingia ndani ya mmea, hizo maji hayazitoi, lakini mtoto asiyekula mboga kabisa anapata hasara kubwa kuliko anayezila hivyo.

Wenye fedha hununua mboga za "kilimo hai" kwenye maduka ya vioo. Wewe nunua zile ambazo mkulima haoni sababu ya kuzipulizia: matembele, majani ya maboga, mlenda, mnavu, kisamvu. Hazina bei, wadudu hawazisumbui sana, na hakuna mtu aliyewahi kuingia dukani kwangu kuniulizia dawa ya mlenda. Mchicha uulize umelimwa wapi. Ule wa bonde la Msimbazi ni mzuri kwa macho, lakini mto ule unapokea maji machafu ya viwanda na vyoo, nao ndio unaoumwagilia.

Matembele panda mwenyewe. Viroba viwili vya udongo na samadi pale kwenye kijibaraza chenu vinatosha kwa mboga ya mara moja moja. Chomeka vikonyo, mwagilia maji ya kuoshea mchele, na ukichuma yanachipua tena. Wadudu wakija, ponda majani ya mwarobaini, loweka usiku mmoja, chuja, tia sabuni kidogo ili yashike kwenye jani, nyunyiza jioni.

Jambo moja nakukataza kabisa. Mumeo aliniambia anapata madumu ya bei poa ya kuwekea maji. Ayanuse, ayachunguze, aulize yalikuwa na nini. Huku nimeona dumu la dawa ya viwavi likisuguliwa kwa mchanga na kuuzwa mnadani kama la mafuta ya kula. Plastiki hufyonza kilichomo, hata ukisuuza mara ngapi. Ukiona mstari wa rangi kwenye sehemu ya chini ya kibandiko, nyekundu, njano, buluu au kijani, hicho kilikuwa chombo cha sumu, na nyekundu ndiyo kali kuliko zote. Ndoo za rangi nazo msiwekee maji ya kunywa wala unga. Na ule mtindo wa kufunika wali kwa mfuko wa nailoni chini ya mfuniko ili uive haraka, mama yako anasema aliyekufundisha si yeye. Jani la mgomba linafanya kazi hiyohiyo, na sokoni wanafungia ndizi kwa majani hayo kisha wanayatupa.

Maji ya kunywa yatibuni kwa klorini bila woga, ile ya vidonge. Kipindupindu hakijali falsafa. Vidonge vikiisha, chukua chupa za maji zinazopitisha mwanga, jaza maji yaliyochujwa yasiyo na tope, laza juu ya bati saa sita za jua kali. Siku ya mawingu ziache siku mbili.

Mama yako ananigonga bega nisisahau harusi ya binamu yako. Anasema: hina, ndiyo, piko, hapana. Hina ya majani inakaa saa nyingi na inatoa rangi ya machungwa inayoiva kuwa kahawia. Kinachotoa weusi tii kwa nusu saa ni rangi ya nywele, imewatoa watu malengelenge mikononi mpaka wakabaki na makovu ya maua. Mtoto asiguswe nayo kabisa. Nilipomuuliza kuhusu dawa ya kulainisha nywele amenijibu kwamba yeye anasuka. Nimesoma kwamba utafiti wa Marekani uliotoka 2022 uliona saratani ya mji wa mimba mara mbili na zaidi kwa wanawake waliotumia dawa hizo zaidi ya mara nne kwa mwaka. Haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo. Suka tu.

Sasa nirudi kwenye fedha, maana najua umekuwa ukisubiri. Kitu cha asili kuliko vyote hapo chumbani kwenu ni mkaa, na ndio ninaouogopa kuliko sabuni yoyote ya dukani. Gesi yake haina harufu, mlango ukifungwa inaua watu wakiwa usingizini, na hata mlango ukiwa wazi mtoto anavuta moshi na vumbi lake kila siku. Leo usiku jiko litoke nje kabla hamjalala, hata kama limebaki na kaa moja. Kisha ulizia bei ya mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6, pamoja na jiko lake la juu. Hiyo nitakuchangia nusu. Uza debe la mkaa lililobaki, fedha ya mkorogo na koili iweke kando, itasaidia kujaza mtungi ukiisha.

Vikonyo vya matembele, madodoki manne na chupa ya mafuta ya nazi vinakuja na basi la Jumamosi, vimefungwa kwenye kiroba cha buluu. Mumeo akavipokee kituoni mapema, vikonyo vikishinda juani vinanyauka. Niandikie bei ya mtungi kabla ya hapo ili fedha nikutumie kwenye simu siku hiyohiyo.

Wasalaam,
Baba yako